Mkate Niliojichukulia Mwenyewe

Katika mtaa wetu wa Lubunga kuna kiti kimoja cha mbao chenye mikono, na kwa miaka kumi na minne kilikuwa kikinifuata kila nilikokwenda. Si changu. Ni cha mama mmoja, shemasi wa kanisa letu, mjane, anayekaa nyumba ya nne kutoka kanisani, upande wa reli. Akisikia kwamba Pasta ameitwa mahali, iwe kwenye matanga, kwa mgonjwa au kwa mtoto aliyezaliwa, alikuwa akikibeba kiti kile kichwani mwenyewe na kukitanguliza. Nikifika nawakuta watu wamekaa kwenye mikeka na vigoda, na kiti kiko peke yake karibu na ukuta, kimefutwa vumbi, kimetandikwa kitambaa cha kufuma.

"Papa Pasta, ikala," ananiambia.

Nami nakaa. Ungefanya nini?

Nilikichukia kiti kile, na leo sioni haya kulisema. Kwetu, wanaume wakiwa matangani hucheza dama chini ya turubai, kwa vifuniko vya chupa, huku wakisimuliana vituko vya marehemu. Mchezo ule naujua vizuri. Kabla sijawa mchungaji nilikuwa nikiwafunga watu hadi wananuna. Lakini nikitokea tu, ubao unasukumwa chini ya benchi, mtu anakohoa, mwingine anafunga vifungo vya shati. "Pasta amefika." Utadhani ni mkaguzi wa shule. Nasalimu, nasoma, naomba, naaga. Kabla sijafika barabarani nasikia vifuniko vimeanza tena kugonga ubao, na kicheko kilichokuwa kimezuiliwa kinaendelea palepale kilipokatwa.

Mke wangu ndiye aliyejua kukaa na watu. Yeye hakuwekewa kiti. Alijitupa mkekani na wanawake wenzake, akachambua nao pondu, majani ya muhogo, na jioni tukiwa tunakula ananisimulia yote: nani ana mimba, nani amegombana na shemeji yake, nani anatabasamu lakini hali chakula. Kwa njia hiyo niliishi mtaani kupitia masikio yake. Wapo waliosema Pasta ana kipawa cha kujua mioyo ya watu. Pasta alikuwa na mke.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Ugonjwa haukuchukua hata mwezi. Siku ya matanga, mama shemasi alikileta kiti uani kwangu mwenyewe. Kaka za mke wangu walikaa chini kwenye mkeka, jinsi wafiwa wanavyokaa, na wanaume walikuja kujilaza kando yao, kuwashika mabega, kulia nao. Mimi nilikaa kitini. Watu walinijia mmoja mmoja, wakainamisha kichwa, wakasema, "Papa Pasta, utuombee." Nikawaombea. Kwa siku tatu niliwafariji watu waliokuja kunifariji, na sikumbuki kama kuna mkono ulionigusa begani. Utaniuliza kwa nini sikushuka nikae mkekani. Sijui. Nilikuwa nimevaa kola nyeupe ya kazi, na watu walikuwa wanangoja.

Watoto wangu wako mbali, mmoja Kinshasa, mwingine Bunia. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada na kuniuliza nimekula nini. Nawadanganya kidogo.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo miaka yote sikuwa nimeliangalia. Kanisani kwetu Meza ya Bwana huandaliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Namega mkate, nawapa wazee, wazee wanawapitishia watu benchi kwa benchi, kisha sinia linarudi kwangu likiwa na kipande kimoja. Hicho ni cha mchungaji. Nakichukua mwenyewe, nakitia kinywani mwenyewe, watu mia mbili wakinitazama ninavyotafuna. Nilipokuwa mwinjilisti tu, mtu alikuwa akiniwekea kipande kile kiganjani. Tangu siku niliyowekewa mikono, hakuna aliyewahi kunipa. Ni jambo dogo, najua. Lakini mtu anayejipikia mwenyewe, anayejipakulia na kujioshea sahani, ana nafasi kubwa ya kufikiri mambo madogo.

Na chini ya kiti na chini ya mkate palikuwa na uongo wangu. Nilitaka unitoke kifuani, na niliogopa kwamba siku utakaponitoka utaondoka na kazi, nayo kazi ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kabla ya Lubunga nilikuwa mwinjilisti huko mto unakoteremkia, upande wa Barumbu, katika kijiji cha wavuvi. Kwetu mwinjilisti anahubiri, anafundisha, anazika, anatatua ugomvi wa nyavu na wa mabinti. Kitu asichoruhusiwa ni kubatiza na kugusa Meza. Hayo ni ya aliyewekewa mikono. Kwa hiyo tulimngoja pasta, ambaye alikuja kwa mtumbwi mkubwa wa mashine mara mbili kwa mwaka, ikiwa mashine imekubali. Mwaka mmoja haikukubali kabisa. Na mwaka huohuo mama mmoja mzee, ambaye wanawe wote walikuwa wavuvi, alikuwa anaumwa.

Nilimtembelea kila siku. Alikuwa ameingoja Meza tangu mvua za kwanza. Asubuhi moja aliniomba nimpe mimi. Nilimweleza, kwa upole na kwa kirefu, kwamba sina haki hiyo, kwamba mimi sijawekewa mikono, kwamba pasta yuko njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Lingala, "Kasi yo nde ozali awa." Lakini wewe ndiye uliye hapa.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta mke wangu anafunga kwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani. Mkate wa ngano haukuwapo kijijini kile. Nikakata ncha ya kwanga moja, nikachukua kikombe cha maji mekundu ya maua ya ngaingai yaliyobaki kutoka jana yake, nikaenda. Nilisema maneno yote, hakuna niliyoruka. Mama yule alikula, akanywa, akaniomba nifungue mlango ili auone mto. Alikufa siku ya tatu na nilimzika vizuri.

Nilimwambia mke wangu peke yake. "Ulifanya vizuri," alisema. "Lakini usiseme."

Miaka miwili baadaye niliitwa mbele ya baraza la kanisa. Kabla mwinjilisti hajawekewa mikono huulizwa maswali, na maswali yenyewe hayana aibu: una mke wa pili, unakunywa, umewahi kumpiga mtu. Mwishoni kabisa wanauliza, umewahi kugusa Meza kabla ya wakati wako? Nilikuwa nimezunguka vijijini miaka kumi na miwili. Mke wangu alikuwa na kifua kibovu na nilitaka tukae karibu na hospitali. Nikajibu hapana.

Jumapili yake nilipiga magoti na wachungaji watano wakaweka mikono juu ya kichwa changu. Ilikuwa mizito na ya joto, na mmoja ulinukia samaki. Nilingoja nisikie kitu kinaingia ndani yangu. Nilisikia uzito tu, na shingo ikaniuma. Nilipoinua macho nilimwona mke wangu kwenye benchi la mbele, anatazama viatu vyake.

Tangu hapo, kila nilipomega mkate nilijiuliza swali lilelile. Ikiwa ni mikono ile inayoifanya Meza kuwa Meza, basi mama wa Barumbu alikula kwanga tu, na mimi nilimdanganya mtu anayekufa. Na ikiwa si mikono, mimi nilinunua nini kwa uongo wangu? Wenzangu wasomi wana majibu ya swali hilo, nimeyasikia, ni mazuri. Hayakunisaidia.

Mwaka jana baraza lilikutana ng'ambo ya mto, mjini, katika kanisa letu la komini ya Tshopo, si mbali na bwawa la umeme. Watu wakinyamaza unasikia maji. Kwa kuwa wakati huo nilikuwa mmoja wa wazee wa baraza, walinipa karatasi ya maswali niyasome. Mtu wa kuulizwa alikuwa mwinjilisti wa vijiji vya njia ya reli, baba wa watoto wanne, koti lake limemzidi mikono. Alijibu yote bila kujisifu. Nikafika kwenye swali la mwisho. Nilikuwa nimeshalisoma kwa watu wengi na sauti yangu ilikuwa imelizoea.

"Ndiyo," akasema.

Maji yakasikika.

"Kulikuwa mutu mugonjwa," akaendelea. "Pasta alikuwa mbali, na train haikupita miezi tatu. Nilimupatia. Bon, nilijua iko makosa. Lakini nilimupatia tu."

Msimamizi wetu, ambaye zamani nilimfundisha katika shule ya Biblia na ambaye ni mkali lakini si mbaya, alivua miwani, akaandika kitu. Mmoja wa wazee alisema arudishwe nyumbani. Mwingine alisema jina lake lifutwe kabisa. Wakakubaliana waamue baada ya kula.

Ilikuwa lituma, ndizi za kuponda, na samaki wa kwenye majani. Anayeulizwa hali pamoja na baraza, ndiyo desturi. Alikuwa nje, amekaa juu ya tofali la sementi, sahani magotini. Nilimwona kupitia dirishani. Niliona mtu anayekula peke yake na nilijua kabisa anavyosikia chakula kinavyopita kooni. Nikachukua sahani yangu nikatoka. Aliponiona alisimama anipe tofali lake.

"Ikala," nikamwambia. Nikatafuta tofali lingine.

Nikamweleza yote: kijiji, mama, kwanga, na ile hapana yangu. Aliacha kutafuna. Alitazama mlangoni kwanza kama kuna anayesikia.

"Papa Pasta, usiseme," alinijibu polepole. "Batakuvua joho, na miye hawatanipa. Donc tutapotea babili bure. Na batu ya Lubunga, nani atabakia nabo?"

Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili. Niseme kweli: nilikata shauri kumtii. Nilimaliza samaki wangu nikiwa nimeamua kunyamaza, na hata nilijipongeza kwa busara. Ila tuliporudi ndani, yule mzee wa kwanza alisema kwamba mtu asiyeweza kungoja hawezi kuchunga, kisha akanigeukia. "Si vile, Papa?" Na nikasikia kinywa changu kinajitayarisha kusema ndiyo. Kilikuwa kimezoea. Kilichonitisha ni huko kuzoea.

Nikasimama. Nikasema, "Miye pia."

Sikusimulia vizuri. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikasahau kusema kwamba pasta hakuwa amefika mwaka mzima, jambo ambalo lingenisaidia. Nilipomaliza, msimamizi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, juu ya nini unatuambia leo, hukusema zamani?"

"Juu miye niliuliza, na ye alijibu," nikasema.

Waliamua kabla ya saa tisa. Jina la mwinjilisti halikufutwa, lingengoja sinodi. Langu pia lingengoja. Nyumba ya kanisa nibaki nayo kwa sasa, lakini joho na kikombe vikae ofisini, na nisiiguse Meza, si kwa kutoa wala kwa kupokea, maana kwetu aliye chini ya nidhamu hali na wengine, awe mchungaji au asiwe. Kanuni hiyo nilikuwa nimewasomea watu wengi sana. Msimamizi alilikunja joho langu mwenyewe. Alilikunja vibaya, mikono nje, na nilitamani kumnyang'anya nilikunje jinsi mke wangu alivyokuwa akilikunja, lakini nikajizuia.

Nikavuka mto kwa mtumbwi pamoja na wanawake wenye mabeseni. Walinisalimu, "Pasta," nami nikaitika.

Kwa wiki moja hivi nilisikia wepesi kifuani. Nililala vizuri, nikafagia ua, nikapika pondu ambayo kwa mara ya kwanza haikuungua. Kisha Jumapili ikaja, tangazo likasomwa, na watu wakatoka kanisani wakipita mbali kidogo na mlango wangu. Pasta wa ng'ambo aliahidi kuja anapoweza, na hakuweza mara nyingi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ikapita bila Meza. Ya mwezi uliofuata pia. Niliuona mzaha uliokuwamo: kwa ajili ya ukweli wangu, watu wangu sasa walikuwa wanangoja mtumbwi, sawasawa na mama yule wa Barumbu.

Matanga ya kwanza baada ya hapo yalikuwa ya fundi mmoja wa reli, mstaafu. Nilikwenda. Nikasimama ukingoni mwa turubai, nikatazama kila ukuta. Kiti hakikuwapo. Mama shemasi alikuwapo, mkekani na wanawake. Aliniona, akageuza uso.

Wacheza dama hawakuficha ubao. Mmoja alisogea kwenye benchi akanipisha, nikakaa. Nikacheza. Nikafungwa mara mbili na nikacheka, na wao wakacheka, ingawa walikuwa wanatazamana kwanza kujua kama inafaa. Hawakujua waniite nani. Mmoja alianza "Pas..." akamalizia "papa." Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu, nikafunga mlango, nikalia. Nilikililia kiti.

Ni upumbavu, nakubali. Nilikuwa nimekiona kiti kile kuwa ndicho kilichonitenga na watu, nikadhani nikishuka nitawakuta wamenitandikia nafasi chini. Kumbe chini pia kila mtu alikuwa na mahali pake, na mahali pangu miaka yote palikuwa pale palipowekwa kiti na mwanamke aliyekibeba kichwani. Sikuwahi hata kumwambia asante. Nilikuwa nikiketi tu, na uso wa kuvumilia.

Ikapita miezi minne. Siku moja asubuhi binti wa mama shemasi alikuja, mtu mzima, muuzaji wa makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Alisimama kizingitini.

"Mama iko mugonjwa, moyo," alisema. "Anakuita. Anasema ukuye na Meza."

"Unajua siwezi."

"Najua. Ye pia anajua. Anasema ukuye."

Nikaenda na Biblia na mikono mitupu. Alikuwa amelazwa chini kwenye godoro karibu na mlango, kwa sababu ndani kulikuwa na joto, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kando ya godoro kilikuwapo kiti, kimefutwa, kimetandikwa kile kitambaa.

"Mama, siwezi kukaa pale," nikamwambia.

"Kiti ni yangu," akasema. Alipumzika kidogo kati ya maneno. "Ile siku ya matanga nilikukasirikia. Si juu ya kwanga. Kwanga, ata miye ningemupatia. Juu ulikaa na siye miaka yote ile na hukusema. Mama Pasta alikuwa anaikalaka na siye mukekani kila siku, na ye hakusema. Tulikuwa tunakufikiria mutu ya juu. Kumbe ulikuwa unaogopa siye."

Nilikaa mkekani. Nilimwambia ndiyo, nilikuwa nawaogopa.

"Sasa natafuta Meza," akasema.

Nyumbani kwangu kulikuwa na mkate, nilikuwa nimeununua jana yake. Hatua mia, nirudi nao, nisiseme kitu, na binti yake hangesema. Nilimtazama miguu yake. Nilikuwa nimeshafanya mara moja na sijawahi kujuta kwa kumpa mama yule kwanga, hata leo sijuti. Nilichojutia ni kujificha. Na kama ningempa huyu, ningelazimika kujificha tena, na yeye pia ningemwachia siri ya kubeba, akiwa katika hali ile.

"Nitaenda kukuletea mwenye joho," nikasema.

"Na kama sifike?"

"Nitafanya haraka."

"Enda basi," akasema, "unaongea mingi."

Ilikuwa siku ya kazi, saa tano, jua kali. Nilivuka na mtumbwi wa kwanza, nikapanda pikipiki hadi ofisini. Msimamizi alikuwa na wageni. Katika maisha yangu sikuwahi kumwomba kitu. Nilisimama mlangoni, sikukaribishwa kukaa, mpaka alipoinua macho.

"Mama wa kiti," nikasema.

Alimjua. Alipokuwa akija Lubunga, kiti kilimtangulia yeye pia. Aliwaaga wageni, akafungua kabati, akachukua mkoba wenye kikombe, akapitia dukani kununua mkate. Joho langu lilikuwa kabatini mle, limekunjwa bado vibaya. Nililiona na akaona kwamba nimeliona.

Kwenye mtumbwi alikaa mbele, mkoba magotini. Ubao mmoja ulikuwa unavuja, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma nikitoa maji kwa kopo. Tulipofika katikati ya mto alinigeukia.

"Papa, sinodi itakuwa na huruma."

"Leo si juu ya sinodi," nikamjibu, na nikaendelea kuchota maji. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Alikuwa kijana mzuri darasani, na hakuna kosa alilonikosea.

Tulimkuta hai. Alikuwa amevishwa kitenge cha mashemasi, na binti yake alikuwa amemwinua kwa mito miwili. Msimamizi alivaa joho lake, akaketi kwenye kiti, palipompasa. Mimi nilikaa mkekani upande wa miguu, pamoja na binti. Nilikuwa sijawahi kuitazama Meza kutoka chini. Unaona mikono tu.

Alisoma. Akaomba. Akamega kipande, akakiweka kiganjani mwa mama. Akampa na binti. Kisha akanipita, kwa kuwa alipaswa kunipita, akachukua kipande chake mwenyewe.

Mama hakula. Alikishika kipande kile muda mrefu hata nikadhani amesahau, au nguvu zimemwisha. Kisha akaanza kukikata kwa vidole. Kilikuwa kidogo, na vidole vimevimba; ilimchukua muda. Nusu moja aliibakiza kiganjani. Nusu ya pili akanyoosha mkono juu ya blanketi, kuelekea kwangu.

"Shika, papa."

Nikamtazama msimamizi. Kikombe kilikuwa mkononi mwake. Uamuzi wa baraza juu yangu alikuwa ameuandika yeye mwenyewe. Aliutazama mkono ule wa mama, ambao ulikuwa bado hewani na unaanza kushuka kwa uchovu. Kisha akainamia kitabu chake na kuanza kutafuta ukurasa ambao tulikuwa tumeshausoma.

Nikafungua kiganja. Aliniwekea. Ulikuwa mkate wa kawaida wa dukani, mkavu kidogo pembeni, na nilikuwa nimengoja miaka kumi na minne. Alikaa ananiangalia mpaka nilipomeza, ndipo naye akala nusu yake.